Hazina na Mrithi Wake: Uhakiki wa Filamu Les Aventuriers ya Robert Enrico

1. Utangulizi

Mwezi wa Aprili 1967 ilitolewa nchini Ufaransa filamu ya Robert Enrico iitwayo Les Aventuriers. Waigizaji wake wakuu ni Alain Delon, Lino Ventura na Joanna Shimkus. Muziki ulitungwa na François de Roubaix, na kisa chenyewe kilichotwa katika riwaya ya José Giovanni iliyochapishwa mwaka wa 1960. Tangu hapo zaidi ya nusu karne imepita. Ventura alifariki mwaka wa 1987, Enrico mwaka wa 2001, naye Delon akawafuata mwezi wa Agosti 2024. Filamu nyingi za siku zile zimekwisha kusahauliwa, pamoja na nyingine zilizopigiwa makelele mengi zaidi. Les Aventuriers haikusahauliwa. Inaendelea kuonyeshwa, watu wazima wanawaonyesha watoto wao, na umaarufu wake umefika mbali na Ufaransa. Huko Japani, kwa mfano, inahesabiwa na wapenzi wengi wa sinema miongoni mwa filamu za Kifaransa zilizo karibu sana na moyo wao.

Mvuto huo wa kudumu huelezwa kwa sababu za kawaida: uzuri wa waigizaji, muziki, bahari, urafiki. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi, kwa kuwa filamu nyingi zilizosahauliwa zilikuwa nazo zote. Tena, kwa msomaji wa Kongo kuna jambo ambalo maelezo hayo hulipita kimya. Hazina inayotafutwa katika filamu hii imelala chini ya bahari ya Kongo, nayo ilizama wakati wa machafuko yaliyofuata uhuru wa nchi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali mawili, yaani kwa nini filamu inadumu, na Kongo ina nafasi gani ndani yake, yana jibu moja. Nguvu ya filamu inatokana na sheria moja ambayo wahusika wake wanaitii bila kulazimishwa na mtu: kilicho cha marehemu lazima kimfikie mrithi wake. Sheria hiyo ndiyo inayomgusa mtazamaji, na sheria hiyo hiyo ndiyo inayofunua pengo lililomo katika filamu.

2. Kisa kwa ufupi

Manu Borelli (Delon) ni rubani anayefundisha wengine kuendesha ndege. Roland Darbant (Ventura) ni fundi anayeunda injini mpya ya gari katika karakana iliyozungukwa na vyuma chakavu. Laetitia Weiss (Shimkus) ni msanii kijana anayetengeneza sanamu kwa vyuma hivyo hivyo, na haja ya vyuma ndiyo inayomfikisha kwa Roland. Watatu hao wanakuwa marafiki.

Kila mmoja ana jaribio lake kubwa, na kila mmoja anashindwa. Manu anajaribu kupitisha ndege chini ya Arc de Triomphe mjini Paris kwa ahadi ya malipo makubwa. Ahadi inakuwa hila tupu, naye ananyang'anywa ruhusa ya kurusha ndege. Injini ya Roland inaharibika katika majaribio. Maonyesho ya sanamu za Laetitia yanadharauliwa na wahakiki. Hapo ndipo wanapopata habari ya ndege iliyoanguka baharini karibu na pwani ya Kongo, ikiwa na mali ya mlowezi aliyekuwa akikimbia. Wanasafiri kwa mashua, wanazamia, na rubani wa ndege ile (Serge Reggiani), aliyeokoka, anajiunga nao. Hazina inapatikana. Lakini mamluki wa zamani nao wanaitafuta. Risasi zinapigwa ndani ya mashua, na Laetitia anauawa.

Manu na Roland wanamzika baharini ndani ya vazi la mzamiaji. Wakisha kurudi Ufaransa, wanawatafuta jamaa zake ili wawape fungu lake. Wanafika pwani ya Atlantiki, karibu na kisiwa cha Aix, na huko wanamkuta mtoto wa kiume wa ukoo wake. Roland anaipenda ngome kuukuu iliyo katikati ya maji, Fort Boyard, akaamua kuifanya hoteli. Mamluki wanawafuata hadi hapo. Katika mapigano ya mwisho Manu anakufa, na Roland anabaki peke yake.

3. Jina la filamu na tatizo la tafsiri

Yeyote anayetaka kuipa filamu hii jina la Kiswahili atakwama mara moja. Neno la Kifaransa aventure lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuja au kufikia. Aventure ni jambo litakalomjia mtu, bila yeye kujua kama ni la heri au la shari. Aventurier ni mtu anayelielekea jambo hilo. Lakini neno hilo lina uso wa pili: humtaja pia mtu asiye na asili wala adabu, anayetafuta utajiri kwa njia za mkato.

Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Akisema Wajasiri, amesifu ushujaa na kuacha tamaa. Akisema Wabahatishaji, ameeleza mchezo wa bahati na kuacha ushujaa. Akisema Watafuta Hazina, ametaja kazi yao bila kutaja tabia yao. Hakuna neno moja linalobeba sifa na lawama kwa pamoja kama lile la Kifaransa.

Ugumu huo una faida kwa mhakiki, maana filamu yenyewe imejengwa juu ya nyuso hizo mbili. Kuna makundi mawili yanayoitaka hazina ile ile. La kwanza ni la Manu, Roland na Laetitia, watu wachangamfu, wenye kazi za mikono yao, wanaogawana kila kitu. La pili ni la mamluki. Mtazamaji hana shaka ni kundi gani analolipenda. Hata hivyo, akiulizwa kundi la kwanza lina haki gani juu ya yale masanduku ambayo kundi la pili halina, atapata shida ya kujibu. Atasema kwamba wale ni watu wema. Wema ni sifa ya moyo. Haumpi mtu hati ya kumiliki mali.

Kiswahili kinatoa hapa msaada usiotazamiwa. Neno mamluki limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu anayemilikiwa. Linatokana na mzizi mmoja na maneno milki, mmiliki na mamlaka. Kifaransa mercenaire, kutoka Kilatini, kinazungumza juu ya ujira tu. Kiswahili kinamtaja mtu ambaye si mali yake mwenyewe, anayekwenda kushika mali isiyo yake. Swali la umiliki, ambalo filamu inalikwepa, limo tayari ndani ya neno ambalo mfasiri hana budi kulitumia.

4. Furaha inayokufa njiani

Ili kuelewa mvuto wa filamu hii, yafaa kuilinganisha na filamu nyingine za Kifaransa za aina yake. Katika Fanfan la Tulipe ya Christian-Jaque (1952), Gérard Philipe anaruka juu ya mapaa, anapigana kwa upanga, na mwishowe anampata mpenzi wake. Katika L'Homme de Rio ya Philippe de Broca (1964), Jean-Paul Belmondo anakimbia kutoka Paris hadi Brazil na kurudi salama na mchumba wake. Hizo ni hadithi za ushindi. Upande mwingine iko Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot (1953), ambamo madereva wanasafirisha nitrogliserini kwa malori, na hofu haimwachi mtazamaji tangu safari inapoanza. Hiyo ni hadithi ya maangamizi.

Les Aventuriers haiko upande wowote kati ya hizo mbili. Inasimulia kushindwa, lakini inakusimulia kwa furaha. Ndege, injini na sanamu zote zinaanguka mapema, na watu watatu wanazidi kupendana kwa sababu hiyo. Sehemu ya mashua ina michezo, vicheko, jua, chakula cha pamoja, kimya cha adhuhuri. Enrico haharakishi. Anamwacha mtazamaji akae nao mpaka azoee sauti zao, na asahau karibu kabisa kwamba walikuja kutafuta kitu.

Jina la Laetitia, katika Kilatini, maana yake ni furaha. Kama jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi au la, filamu inalitimiza neno kwa neno. Furaha inauawa wakati hazina imekwisha kupatikana, na hadithi ingali na safari ndefu mbele yake. Hili ni jambo la ujasiri katika utunzi. Desturi ya filamu za aina hii ni kuhifadhi kifo kikubwa kwa ajili ya mwisho, au kumlinda mwanamke mpaka busu la kufungia. Enrico anamwondoa mapema, kisha anawalazimisha wahusika, na watazamaji pamoja nao, waendelee kuishi bila yeye. Tangu hapo kila mandhari nzuri inatazamwa kama kwamba kuna nafasi tupu pembeni.

Mazishi ya baharini ndiyo kilele. Mwili wa Laetitia, katika vazi zito la mzamiaji, unashushwa polepole ndani ya maji ya buluu. Hakuna hotuba. Sauti ya muziki wa de Roubaix inachukua nafasi ya maneno yote. Mtunzi huyo alikuwa mpenzi wa kuzamia, na mwezi wa Novemba 1975 alikufa katika ajali ya kuzamia huko Tenerife, akiwa na umri wa miaka 36. Anayeijua habari hiyo hawezi tena kuitazama sehemu hii kama alivyoitazama mara ya kwanza. Lakini hata asiyeijua anaona kwamba bahari imelipwa: hazina imetolewa, na mwili umewekwa mahali pake.

5. Mafungu matatu ya urithi

Wahakiki wengi huiona sehemu ya pili ya filamu, ile inayofuata mazishi, kuwa imelegea kuliko ya kwanza. Ukweli ni kwamba sehemu hiyo ndiyo moyo wa kazi yote. Mwandishi mwepesi angeendelea moja kwa moja na kisasi. Enrico anaendelea na urithi.

Manu na Roland wana mali mkononi. Hakuna hakimu anayewatazama, hakuna barua ya wosia, hakuna ndugu wa marehemu anayejua kwamba fungu lake lipo. Wangeweza kugawana sehemu ya Laetitia usiku mmoja, na ulimwengu usijue. Badala yake wanakwenda kuuliza nyumba kwa nyumba, mpaka wanamfikia yule mtoto. Filamu haitoi sifa kwa tendo hilo, wala haiweki maneno ya mafundisho vinywani mwao. Wanalitenda kama mtu anavyolipa deni.

Mtazamaji wa Kongo hana haja ya kufafanuliwa uzito wa tendo hilo. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya marehemu ikigawanywa kabla matanga hayajaondolewa, mjane akiulizwa funguo na watoto wakihesabiwa kama wageni, anajua ni jambo la nadra namna gani. Sheria ya familia iliyotangazwa nchini mwezi wa Agosti 1987 iliwapa watoto wa marehemu nafasi ya kwanza katika urithi, kwa sababu desturi na tamaa zilikuwa zikiwanyima. Manu na Roland, wasio na sheria yoyote mbele yao, wanafanya kile ambacho sheria hushindwa mara nyingi kukilazimisha.

Mtoto anapata fedha. Lakini kuna fungu la pili. Ngome iliyo katikati ya maji inafanana na makao ambayo Laetitia aliyatamani, nyumba ya kuishi na kufanyia kazi mbele ya bahari, na Roland anapoitaka ngome ile anarithi ndoto. Kuna na fungu la tatu, lililo la siri zaidi. Kabla ya kufa kwake, Laetitia alikuwa amemweleza Roland kwamba angependa kuishi naye. Roland hakumwambia Manu. Ndani ya ngome, Manu anapokufa mikononi mwake, Roland anamwambia kwamba Laetitia alitaka kuishi na Manu. Manu anatambua kwamba ni uwongo, na anaupokea kwa tabasamu.

Uwongo huo hutajwa kila mara panapozungumzwa juu ya filamu hii, na kwa kawaida husifiwa kuwa ni tendo la urafiki. Ndivyo ulivyo, lakini thamani yake inaonekana vema zaidi ukiwekwa pamoja na mafungu yale mawili. Neno la Laetitia lilikuwa urithi wa Roland, mali pekee aliyoachiwa ambayo haikutoka katika masanduku. Analitoa lote kwa mwenzake, katika dakika ambayo mwenzake hawezi tena kulitumia. Huu ndio mgawanyo wa mwisho. Hapo filamu imekamilisha hesabu yake: mtoto, ngome, neno. Hakuna kilicho cha marehemu kilichopotea bila kumfikia mtu.

Hii ndiyo sababu ya kudumu kwake. Mtindo wa mavazi umepita, magari yamezeeka, mapigano ya bunduki yamezidiwa mara mia na filamu zilizofuata. Haja ya kuona marehemu akitendewa haki haizeeki.

6. Bahari badala ya nchi

Sheria hiyo ikisha kutambuliwa, haiwezekani kuizuia isirudi nyuma na kuuliza swali ambalo filamu haikuuliza. Fungu la Laetitia lilitafutiwa mrithi. Je, hazina yenyewe, kabla ya kuwa mafungu, ilikuwa na mrithi gani?

Ilikuwa ndani ya ndege ya mtu aliyeikimbia Kongo. Jamaa zake hawatafutwi. Chanzo cha mali yake hakiulizwi. Nchi ambako mali hiyo ilikusanywa haina msemaji, kwa kuwa miongoni mwa wahusika wakuu hayumo Mkongomani hata mmoja. Kongo ya filamu hii ni maji: maji mazuri, yenye mwanga, yasiyodai kitu. Kongo ya kweli ina pwani fupi sana, kilomita zipatazo 40 hivi kandokando ya Banana na Moanda, na nyuma ya ukanda huo mwembamba kuna nchi inayoenea hadi Katanga, Kivu na Ituri. Filamu imechukua kile kipande kidogo cha bahari na kukifanya jina la nchi nzima.

Miaka nayo haikosi maana. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari waliasi, walowezi wengi wakakimbia, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Mamluki walioajiriwa huko waliitwa les affreux, yaani wa kuchukiza, nao waliendelea kuonekana katika vita vya miaka iliyofuata. Filamu ilipokuwa ikitayarishwa kutolewa, mwanzoni mwa 1967, serikali ya Kongo ilikuwa imekwisha kuchukua mali ya Union Minière na kuunda shirika jipya la taifa, na ugomvi juu ya mwenye haki ya shaba ulikuwa mezani mjini Kinshasa na Brussels. Filamu ilitoka Aprili. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, mamluki wa Jean Schramme waliasi. Waliushika mji wa Bukavu kuanzia Agosti, na mwanzoni mwa Novemba wakavuka kuingia Rwanda. Watazamaji wa Paris walikuwa wakiangalia mamluki wa kubuni wakati watu wa Bukavu walikuwa wakiwakimbia wale wa kweli.

Kuna pingamizi lenye nguvu linaloweza kutolewa hapa. Filamu ya aina hii si kitabu cha historia. Hazina katika hadithi sharti isiwe na mwenyewe, ama sivyo mchezo utakuwa wizi na furaha itatoweka; ndivyo ilivyo katika hadithi zote za maharamia na visiwa. Pingamizi hilo lina haki, lakini halifikii mwisho wa jambo. Dhahabu ya maharamia imelala miaka 200 au 300. Waliopokonywa wamekwisha kusahauliwa na wajukuu wa wajukuu zao. Ndege ya filamu hii ilianguka miaka michache tu kabla ya kamera kuwashwa. Mtunzi angeweza kuiangusha popote, na katika karne yoyote. Aliyachagua machafuko ya Kongo kwa kuwa jina hilo, masikioni mwa Wazungu wa siku zile, lilitosha kueleza mambo mawili bila neno la ziada: kwamba huko kulikuwa na utajiri, na kwamba utajiri huo ulikuwa umebaki bila mwenyewe. Jambo la kwanza lilikuwa kweli. La pili ndilo ambalo Wakongomani walikuwa wamekwisha kulikana.

7. Kuhukumu bila kutupa

Je, yafaa basi filamu hii iwekwe kando? Jibu la makala haya ni hapana, kwa sababu tatu.

Kwanza, filamu haiwatukuzi mamluki. Jambo hilo si dogo kwa wakati wake. Mwaka wa 1968 ilitolewa filamu ya Jack Cardiff inayojulikana kwa Kifaransa kwa jina la Le Dernier Train du Katanga, na humo mashujaa ni mamluki wenyewe, wanaokwenda kwa treni kuwaokoa Wazungu na kuchukua almasi, huku Wakongomani wengi wakionekana kama kundi la kutisha. Enrico hakuwaonyesha Wakongomani, na hilo ni kosa. Lakini hakuwafanya mazimwi, wala hakuwapa mamluki uso wa mashujaa. Katika kazi yake mamluki huleta mauti popote wafikapo, mpaka mlangoni mwa Ulaya.

Pili, filamu haidanganyi juu ya hazina. Hakuna anayestarehe nayo. Manu anajaribu kuitumia mjini Paris na haoni ladha. Roland anainunulia mawe. Laetitia haigusi. Mali iliyotoka chini ya bahari inawamaliza mmoja mmoja wote walioipenda, na inamwachia aliyebaki ngome isiyo na wageni. Mtazamaji wa Kongo anaweza kusoma hapo, bila kuilazimisha filamu, habari ya utajiri ambao haujampa raha hata aliyeuchukua.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, kipimo kinachoionyesha filamu kosa lake kimetolewa na filamu yenyewe. Hapana haja ya kuleta kanuni kutoka nje. Enrico amemfundisha mtazamaji, kwa muda wa karibu saa mbili, kwamba watu waungwana huuliza: hii ni ya nani, na mrithi wake yuko wapi? Mtazamaji aliyejifunza somo hilo vema ataliuliza tena, hata pale ambapo mwalimu alinyamaza. Kazi mbovu haiwezi kumpa mtu silaha ya namna hiyo dhidi yake yenyewe.

8. Ngome

Picha ya mwisho imechukuliwa kutoka angani. Kamera inaizunguka Fort Boyard, na Roland anazidi kuwa mdogo katikati ya mawe na maji. Ngome hiyo ina historia inayolingana na kisa. Kazi ya kuijenga ilianza katika siku za Napoléon wa kwanza, ikasimama, ikaendelea miaka mingi baadaye. Ilipokwisha, mizinga ya nchi kavu na ya visiwa ilikuwa na nguvu ya kuilinda bahari ile bila msaada wake. Ikatumiwa kwa muda kama gereza baada ya maasi ya Paris ya mwaka wa 1871, kisha ikaachwa kwa ndege wa baharini. Ni jengo kubwa lililofika likiwa limechelewa, na kwa hiyo linawafaa watu ambao majaribio yao yote yalishindwa.

Tangu mwaka wa 1990 ngome hiyo imekuwa uwanja wa mchezo maarufu wa televisheni, ambamo washindani hutafuta funguo na kujaza sarafu za dhahabu kabla muda haujakwisha. Watoto wengi wanaijua kwa mchezo huo tu. Dhahabu ya mchezo ina hesabu iliyo wazi: fedha inayopatikana hupewa mashirika ya hisani, na kila mtu anajua imetoka wapi na inakwenda wapi. Wahusika wa Enrico hawakuwa na bahati hiyo.

9. Hitimisho

Les Aventuriers inadumu kwa sababu ni hadithi ya hazina ambayo, kinyume cha desturi, inajali zaidi kugawanya kuliko kupata. Mvuto wake uko katika uaminifu wa watu wawili kwa marehemu mmoja: fedha kwa mtoto, ngome kwa ndoto, na neno kwa rafiki anayekufa. Uaminifu huo umefungwa ndani ya duara dogo la watu watatu, na nchi iliyotoa mali imeachwa nje ya duara. Kulitambua pengo hilo hakuipunguzii filamu uzuri wake. Kunampa mtazamaji wa Kongo nafasi ambayo watazamaji wengine hawana, kwa kuwa yeye anaingia katika hadithi kutoka upande ambao kamera haikuelekea.

Kwa ajili hiyo filamu hii inastahili kuwekwa katika masomo ya tafsiri na ya uhakiki, pamoja na riwaya ambazo wanafunzi wamezizoea. Zoezi la kuiandikia maneno ya Kiswahili chini ya picha lingemkabili mwanafunzi na matatizo ya kweli: jina lisilofasirika, neno mamluki lenye historia yake, uwongo wa Roland ambao lazima usikike kuwa uwongo na zawadi kwa mara moja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Manu na Roland waliliandika daftari la Laetitia bila kuacha hata mstari mmoja. Ukurasa wa kwanza, ule wa mali ilivyoondoka nchi kavu kabla ya kufika baharini, uko wazi mpaka leo, na wanaoweza kuujaza wako upande huu wa maji.